Jua Halijapatwa na Lolote



Wapendwa taifa la Mungu, tafakari yetu ya wiki hii haitakuwa ya upole. Tunaomba mtuvumilie, kwa maana jambo lenyewe limetukera kwa muda mrefu, na sehemu ya kosa ni yetu sisi wenyewe.

Dominika iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mama mmoja alitusubiri mlangoni mwa sakristia akiwa na mfuko wa mishumaa. Alitaka ibarikiwe. Tulipomwuliza ni ya shughuli gani, alitoa simu yake akatuonyesha ujumbe uliokuwa umesambaa katika kundi la jumuiya yao. Ujumbe ulisema kwamba tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Kwamba giza hilo litafungua siku tatu za giza zilizotabiriwa. Kwamba hakuna taa itakayowaka isipokuwa mshumaa uliobarikiwa. Na kwamba kila familia ifunge madirisha, wala mtu asithubutu kuchungulia nje. Chini kabisa palikuwa na namba ya kumpata muuzaji wa mishumaa hiyo. Bei yake ilikuwa mara tatu ya bei ya dukani.

Tulimweleza kwa utaratibu kwamba hatuwezi kubariki mishumaa kwa nia hiyo. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa heshima zote: “Lakini Baba Paroko, mwaka ule wa 2016 si mlitubarikia ninyi wenyewe?”

Hatukuwa na jibu. Ni kweli, tulibariki.

Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kipete kusini mwa Tanzania. Wataalamu walikuwa wametangaza mapema kwamba mahali pazuri pa kutazamia ni Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, na watu wengi walikwenda huko, wanafunzi kwa wageni. Kwa muda wa karibu dakika tatu mwezi ulisimama katikati ya jua, ukaacha pete nyembamba ya moto pande zote. Huku Morogoro hatukuwa ndani ya njia ya pete, lakini sehemu kubwa ya jua letu ilifunikwa. Ilipokaribia saa sita mchana mwanga ulififia juu ya Uluguru bila kuwapo wingu, na hewa ikapoa.

Wakati huo tulikuwa paroko msaidizi, na siku hiyo tulikuwa tumepanda kwenye kigango kimoja cha milimani kuwatembelea wagonjwa. Siku chache kabla yake tulikuwa tumebariki mishumaa mingi, na hatukumwuliza mtu yeyote sababu. Tulipofika kigangoni tulikuta akina mama wamewaingiza watoto wapatao arobaini kanisani. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa khanga na milango imefungwa kwa ndani. Mishumaa ilikuwa inawaka na katekista anaongoza litania. Tuliingia, tukapiga magoti, tukaendelea na rozari pamoja nao.

Tulijua kinachotokea nje. Seminarini tulifundishwa falsafa ya maumbile, tulisoma mwendo wa sayari, na tungeweza kueleza habari yote kwa dakika tano. Tulinyamaza. Tulijiambia kwamba si vizuri kuwavuruga watu wakiwa wanasali.

Bati la kanisa lile lilikuwa na matundu ya misumari. Kwa kawaida kila tundu hudondosha sakafuni kiduara cha mwanga kama kifuniko cha chupa ya soda. Siku ile viduara vile vilianza kuliwa upande mmoja. Vikawa kama mikate iliyomegwa, kisha kama mundu, na kila tundu lilikuwa na mundu wake, kadhaa kwa wakati mmoja, vikisogea polepole juu ya saruji. Mtoto mmoja wa miaka kama saba aliacha kusali, akaweka kiganja chake sakafuni, mundu ukamkaa mkononi. Akatugeukia akauliza kwa sauti: “Padre, mbona jua limeingia ndani likiwa limekatwa?”

Tulimwambia afumbe macho asali.

Wapendwa, tumetubu makosa mengi katika maisha yetu ya upadre, lakini hili tulichelewa sana kulitambua kuwa ni kosa. Mtoto alikuwa ameshika mkononi picha ya kazi ya Mungu, akauliza swali jema kuliko yote yaliyoulizwa kanisani siku ile, nasi, wachungaji, tukamfundisha kwamba imani ni kufumba macho. Jambo la kuongeza aibu ni kwamba tarehe 1 Septemba ni siku ambayo hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliiweka mwaka 2015 iwe siku ya Kanisa zima kuombea utunzaji wa kazi ya uumbaji. Siku yenyewe ya kumshukuru Mungu kwa viumbe vyake, sisi tuliwafungia watoto wake ndani wasivione.

Basi sasa tunataka kusema wazi yale tuliyopaswa kuyasema wakati ule.

Kwanza, jua halipatwi na lolote. Lugha yetu tamu inatupotosha kidogo katika jambo hili. Tunasema mtu kapatwa na homa, kapatwa na msiba, kapatwa na mkasa. Kwa hiyo tukisikia jua limepatwa, moyo unaruka kana kwamba kuna kitu kimelikamata. Hakuna. Mwezi, katika safari yake ya kila mwezi kuizunguka dunia, hupita kati yetu na jua, na kivuli chake kinatuangukia. Jua linaendelea kuwaka kama kawaida. Waliomo kivulini ni sisi. Kila mwezi mwandamo unapokaribia, mwezi hupita upande wa jua. Lakini kwa kuwa njia yake imeinama kiasi cha nyuzi 5 hivi, mara nyingi hupita juu au chini ya mstari, na hatuoni kitu. Mara chache mstari unanyooka, ndipo kivuli kinatufikia.

Na hapa tungependa kila mzazi asimame kidogo na kustaajabu. Upana wa jua ni karibu mara 400 ya upana wa mwezi, na umbali wake kutoka kwetu nao ni karibu mara 400 ya ule wa mwezi. Ndiyo maana machoni petu vinaonekana kulingana. Mwezi ukiwa karibu nasi hulifunika jua lote, na hapo ndipo hutokea kupatwa kikamilifu: mchana unakuwa kama machweo pande zote za upeo, sayari na nyota angavu zinajitokeza, ndege wanarudi viotani, na kuzunguka duara jeusi hufunguka taji jeupe la jua ambalo siku nyingine zote limefichwa na ukali wa mwanga wenyewe. Mwezi ukiwa mbali zaidi, huwa mdogo kidogo, na huo ndio kupatwa kipete tulikokupata mwaka 2016. Mtunga Zaburi ya 19 anatuambia kwamba mbingu zinatangaza utukufu wa Mungu. Hakusema zinatangaza isipokuwa siku ambayo mwezi unapita mbele ya jua.

Pili, hasira haina ratiba, na kupatwa kwa jua kuna ratiba. Watu wa kale waligundua kwamba kupatwa kwa jua kuna koo, kama sisi tulivyo na koo zetu. Kila mmoja wa ukoo hurudi baada ya miaka 18, siku 11 hivi na saa 8. Zile saa 8 ndizo humfanya aangukie upande mwingine wa dunia. Lakini baada ya vizazi vitatu, yaani miaka 54 na mwezi mmoja hivi, hurudi karibu na pande zilezile.

Sasa tazameni ukoo wa huyu wa mwaka 2027 anayetishiwa watu. Babu yake alipita tarehe 29 Mei 1919. Kivuli kilitoka Amerika ya Kusini, kikavuka Atlantiki, kikagusa kisiwa cha Príncipe, kikapita Kongo na kumalizia safari yake kusini mwa Tanzania ya leo na kaskazini mwa Msumbiji. Nchi yetu ilikuwa imetoka tu katika vita vikuu na maradhi ya mafua ya 1918. Bila shaka wapo walioona giza lile wakadhani ndio mwisho. Lakini siku hiyohiyo, pale Príncipe na huko Sobral nchini Brazil, wataalamu kutoka Uingereza walikuwa wanapiga picha za nyota zilizoonekana karibu na jua lililofunikwa, na picha hizo ndizo zilizothibitisha kwamba mwanga wa nyota hupinda ukipita karibu na jua, kama Albert Einstein alivyokuwa amesema. Kivuli kilekile kwa wengine kilikuwa kitisho, kwa wengine kilikuwa kitabu kilichofunguliwa.

Baba wa ukoo alipita tarehe 30 Juni 1973, akapita Sahara na kufika Ziwa Turkana nchini Kenya. Mwana ndiye wa tarehe 2 Agosti 2027: atapita kusini mwa Hispania, Afrika ya Kaskazini, Luxor nchini Misri ambako giza litazidi dakika 6, kisha Makka, Yemen na ncha ya Somalia. Kivuli chenyewe kitapita mbali kabisa na Morogoro. Anayewauzia mishumaa ya kujikinga na giza hilo hapa kwetu anawauzia mwavuli wa mvua ya Misri.

Tatu, tunasikia Maandiko yakitumiwa vibaya, na hapa hatuwezi kukaa kimya.

Wanataja giza la Ijumaa Kuu katika Luka 23, wakisema lile lilikuwa kupatwa kwa jua na kwa hiyo kila kupatwa ni hukumu. Hawajafikiri. Bwana wetu alisulubiwa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, na Pasaka ile huangukia mwezi mpevu. Kupatwa kwa jua hakuwezi kutokea mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu wakati huo mwezi uko upande wa pili wa dunia. Tena giza lile lilidumu saa tatu, ilhali kupatwa kikamilifu hakufiki hata dakika 8. Jambo hili si jipya: Julius Africanus, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, alikwisha kuwajibu hivyo watu wa zama zake. Giza la Kalvari lilikuwa giza la Kalvari. Halirudiwi kila mwezi unapopita mbele ya jua.

Wanataja nabii Yoeli na jua litakalogeuka giza. Na wasome basi Matendo ya Mitume sura ya 2. Petro aliyataja maneno hayo ya Yoeli asubuhi ya Pentekoste, saa tatu, jua likiwa linawaka juu ya Yerusalemu, akawaambia watu kwamba unabii huo unatimia pale pale mbele yao. Alikuwa anawaonyesha Roho Mtakatifu aliyemiminwa. Hakuwa anawauzia mishumaa.

Kuhusu zile siku tatu za giza, hazimo katika Injili wala katika Kanuni ya Imani. Ni mafunuo ya faragha yanayosimuliwa, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 67, inatufundisha kwamba mafunuo ya namna hiyo si sehemu ya hazina ya imani. Namba 2111 inatuonya kwamba kutegemea tendo la nje la sala au alama takatifu, bila moyo unaodaiwa nalo, ni kuangukia ushirikina. Na kuuza baraka kuna jina lake la zamani katika Kanisa: ni dhambi ya Simoni mchawi.

Tunajua kwamba baadhi ya mapadre wenzetu watatujibu. Wanasema: “Padre, waache waogope. Siku ile ya 2016 kanisa lilijaa. Wengine waliungama ambao hawakuwa wameungama kwa miaka kumi. Hofu imewaleta kwa Mungu.” Ndugu zetu, tulikuwepo. Tuliungamisha wengi wiki ile, na ni kweli baadhi walikuwa wa siku nyingi. Je, Dominika iliyofuata walikuwa wapi? Jua liliporudi nao walirudi walikotoka. Mtu aliyeletwa na giza huondoka na giza. Mwaka 1504 Christopher Columbus, akiwa amekwama Jamaika bila chakula, alijua kutoka katika kitabu chake kwamba mwezi utapatwa usiku fulani. Akawaambia wenyeji kwamba Mungu wake amekasirika na atauondoa mwezi. Mwezi ulipopatwa walimletea chakula wakitetemeka. Alipata chakula kweli. Lakini ni nani kati yetu angethubutu kusema kwamba watu wale waliinjilishwa usiku ule? Walidanganywa kwa jina la Mungu na mtu aliyejua ukweli. Mchungaji anayejua ukweli na kuacha kondoo waogope kwa faida ya kanisa kujaa anafanya kazi ileile.

Hapa tunaona aibu mbele ya majirani zetu Waislamu. Wao wana sala yao maalumu jua linapopatwa, nao wanasimulia katika mapokeo yao kwamba jua lilipatwa siku aliyofariki mwana mdogo wa Mtume Muhammad, aitwaye Ibrahim. Watu wakaanza kusema jua linaomboleza. Yeye, akiwa baba aliyefiwa, aliwakataza: jua halipatwi kwa sababu ya kifo cha mtu wala kuzaliwa kwake. Hapa Morogoro tunaishi nao mlango kwa mlango. Itakuwaje wao wafundishwe hivyo tangu utotoni, na sisi tulio na mapadre waliochunguza jua tuwafundishe wetu kujificha? Mnamo 18 Julai 1860 Padre Angelo Secchi, Mjesuiti, alikuwa Hispania akilipiga picha jua lililopatwa kikamilifu. Kanisa hilihili lina kituo chake cha kuchunguza nyota, ambacho Papa Leo XIII alikiimarisha upya mwaka 1891. Hawa hawakuona kwamba kutazama ni kukosa imani. Walitazama kwa sababu waliamini.

Nne, na hili ndilo linalotuuma kuliko yote, wanataja Amosi 8, aya ya 9, ambapo Mungu anasema atalitusha jua wakati wa adhuhuri. Aya hiyo imo katika ule ujumbe wa simu. Lakini mwandishi wake ameiruka sehemu inayotangulia. Tafadhali chukueni Biblia zenu msome kuanzia aya ya 4. Mungu anaghadhibika kwa nini? Kwa sababu wapo watu wanaowakanyaga maskini. Wanaosubiri kwa hamu sabato ipite wafungue biashara. Wanaochezea vipimo na mizani. Wanaomnunua fukara kwa bei ya jozi ya viatu. Giza la Amosi linasababishwa na mizani ya uongo. Halisababishwi na mwezi.

Sasa tuteremke sokoni. Wakulima wetu wa Mgeta na Nyandira wanashusha viazi na karoti kutoka mlimani, wengine wakiwa wamebeba kichwani kwa saa kadhaa kabla ya kufika barabarani. Wanunuzi wanawasubiri na gunia la lumbesa: gunia linajazwa hadi linafura, halafu linaongezewa kichwa juu na kushonwa kwa kamba, na bado linahesabiwa kuwa gunia moja kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, viongozi wamekemea mwaka baada ya mwaka, na kila mtu anajua. Mzigo huohuo ukifika Dar es Salaam unagawanywa kwa kipimo kingine kabisa. Mkulima anarudi mlimani na fedha isiyotosha ada ya mtoto, na mwakani analima juu zaidi mlimani, kwenye mwinuko ambao ulipaswa kubaki msitu.

Baadhi ya wanaofanya biashara hiyo ni waamini wetu. Wanakaa mabenchi ya mbele. Ni wakarimu wakati wa harambee. Na tuna hakika kwamba wengine wao wamekwisha kununua mishumaa ya siku tatu za giza.

Ndugu mpendwa, unaogopa kivuli cha mwezi kitakachopita Misri, na huogopi gunia ulilolishona jana kwa mikono yako? Mwezi unajulikana siku, saa na sekunde utakapoondoka mbele ya jua. Giza unalomtia mkulima wa Nyandira, ni nani ajuaye litaondoka lini? Ukitaka kujua Amosi alikuwa anamwambia nani, usitazame juu. Tazama mizani yako.

Najua, watu watatujibu kwa Matendo 1, kwamba wale wawili waliovaa nguo nyeupe waliwauliza mitume kwa nini wamesimama wakitazama mbinguni. Kwa hiyo kutazama juu ni kupoteza muda. Ni ajabu kwamba tarehe 29 Mei 1919, siku ya kivuli kile tulichokitaja, ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana, na somo hilo lilisomwa makanisani. Lakini wale mitume hawakukatazwa kuona. Waliona kwanza, kisha wakarudi Yerusalemu wakiwa na kazi. Huo ndio mpango tunaoutaka: tazameni juu kwa shangwe, kisha rudini sokoni kwa haki. Muuza mishumaa anawafundisha kinyume chake: msitazame juu, na sokoni endeleeni kama mlivyokuwa.

Kwa hiyo, kuanzia leo, katika parokia yetu mambo yatakuwa hivi.

Hatutabariki mshumaa wowote kwa nia ya giza la jua. Mishumaa ya Februari 2 na ya Mkesha wa Pasaka tutaibariki kwa furaha kama Kanisa linavyotuelekeza, nayo haiuzwi kwa hofu.

Siku ya 2 Agosti 2027, ambayo itakuwa Jumatatu, madirisha ya kanisa na ya vigango yote yatafunguliwa. Tutawaombea wale walio njiani mwa kivuli, Wakristo na Waislamu, ili washangae na kumtukuza Muumba.

Tarehe 21 Mei 2031 kupatwa kipete kutapita tena katika nchi yetu. Tukiwa hai, tunataka watoto wa mafundisho wawe nje pamoja na makatekista wao. Tunawaelewa akina mama wanaohofia macho, na katika hilo wana haki kabisa: jua huunguza ndani ya jicho bila kuleta maumivu, na mtu hujua ameumia baada ya kuumia. Miwani ya kawaida ya jua, kioo kilichotiwa masizi na picha za eksirei havifai. Inatakiwa miwani maalumu ya kutazamia jua, na katika kupatwa kipete isivuliwe hata dakika moja. Asiye nayo asihuzunike. Achukue chekecheke la jikoni, alielekeze juani, atazame chini: kila tundu litamchorea jua lake. Au akae chini ya mwembe, majani yatafanya kazi hiyo bure. Hofu ya macho inatatuliwa kwa kumfundisha mtoto namna ya kutazama. Haitatuliwi kwa kumwambia shetani yuko nje.

Na katika jumuiya ndogo ndogo mwezi huu msome Amosi 8 yote, si aya moja. Wenye mizani wajipime wenyewe kwanza.

Tumalizie kwa habari ya yule mtoto. Sasa ni kijana, amekwisha kupokea Kipaimara, na hushuka mjini mara kwa mara na mizigo ya karoti ya mama yake. Majuzi tulikutana naye tukamwuliza kama anakumbuka siku ile kanisani. Alicheka kidogo, akatazama chini. “Nakumbuka, Baba,” alisema. “Mliniambia nifumbe macho. Lakini sikufumba.”

Tulimwomba msamaha. Tunawaomba na ninyi.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele, amina.

Paroko wenu